Merikebu ya Bwana Gharika

Mwezi uliopita Yusta alikuja kunitembelea hapa Njombe, akitokea kwao Mawengi, ameletwa na mwanawe kwa ajili ya macho. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na moja. Baada ya kula tulikaa karibu na jiko la mkaa, mablanketi mabegani, na mjukuu wangu Neema, ambaye yuko chuoni, akatuwekea kwenye simu yake video aliyodhani itatuchangamsha. Mtu mwenye sauti nzito alikuwa akieleza kwamba zamani za kale kulikuwa na taifa lenye maarifa makubwa kuliko yetu, kwamba nyota ilianguka, bahari ikapanda, taifa lile likafutika, na waliosalia wakakimbilia milimani wakachora habari zao kwenye mawe ili sisi tuje kuzisoma. Yusta haoni vizuri siku hizi, lakini masikio yake bado ni ya msichana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Elina, huyu naye kachelewa. Haya tuliyasikia Makambako." Tukacheka mpaka Neema akaja kutupigapiga mgongoni. Alitaka kujua tunacheka nini, na nilipoanza kumweleza nikaona haiwezekani kueleza kipande. Ilibidi nieleze mwaka mzima.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza mafunzo ya ualimu, nasubiri barua ya kupangiwa shule. Kila nilipouliza niliambiwa barua iko njiani, nami nikawa naiwazia barua hiyo kama msafiri mvivu, imekaa mahali inakunywa chai. Shangazi yangu Tabitha alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni pale Makambako, barabara ya Njombe inapokutana na ile ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, akaniita nikae kwake ili nisizoee uvivu. Yusta alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Alikuwa Mkatoliki na mimi Mluteri. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, kila mmoja akisali upande wake wa kitanda, na asubuhi tulishindana nani atakuwa wa mwisho kutoa miguu nje ya blanketi, maana baridi ya Makambako mwezi wa sita haina huruma na mtu wa dhehebu lolote. Jiko lenyewe lilikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani kwenda chumba cha kulia. Shangazi hakulifunga kamwe. Kupitia dirisha lile tulijua nani anakwenda Rhodesia, nani amegombana na mkewe, na nani anadhani mchuzi wa njegere ni supu ya majani.

Mgeni mmoja hakuwa akienda popote. Jina lake halisi lilikuwa refu na gumu, na watu wote walimwita Bwana Gharika, hata mbele yake, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa Mzungu mzee, mpima barabara aliyestaafu, mwembamba, mwenye sweta lililotoboka viwikoni, na Kiswahili chake alikiokota barabarani kwa vibarua, kwa hiyo kilikuwa na nguvu kuliko adabu. Alikuwa amepanga vyumba viwili vya nyuma. Katika kimoja alilala. Kingine kilikuwa chumba ambacho mpaka leo nikifumba macho naweza kukizunguka bila kugonga kitu: meza ndefu iliyojaa karatasi zilizogandamizwa kwa mawe, makopo ya biskuti yenye vigae vya vyungu, harufu ya tumbaku na mafuta ya taa, na juu ya rafu tufe la dunia ambalo alikuwa amelipaka wino mweusi katikati ya Bahari ya Hindi. Doa lile la wino, alituambia, lilikuwa nchi. Nchi kubwa kuliko Tanganyika, yenye miji na mabaharia. Nyota yenye mkia ilikuwa imeigonga bahari, nchi ikazama kwa siku moja, na merikebu chache zilizonusurika zikaja hadi pwani, watu wakapanda, wakapanda, mpaka wakafika huku juu kwetu.

"Kwa nini hawakuishia Iringa?" Yusta alimuuliza siku ya kwanza, ameshika pasi.

"Waliogopa maji," alisema. "Mtu akiogopa maji sana, anapanda sana."

Jibu hilo lilituridhisha kwa kiasi fulani.

Kazi niliipata kwa bahati. Shangazi alinikuta nimechora kuku wake juu ya karatasi ya kufungia sukari, akaipeleka sebuleni kuwaonyesha wageni kama kichekesho, na Bwana Gharika akaitazama muda mrefu, kisha akaja jikoni mwenyewe. Alikuwa na jiwe lake, mwendo wa asubuhi nzima upande wa Kitandililo, pango lisilo na kina lenye michoro ukutani, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alihitaji mtu wa kunakili. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, wakati serikali yenyewe ilikuwa bado haijaamua, na kwa sababu haikufaa msichana kwenda porini peke yake na mwanamume, Yusta aliruhusiwa kuacha mashuka yake mara mbili kwa wiki. Tulikwenda watatu, tumebeba viazi vya kuchemsha, chumvi ndani ya kitambaa, chupa ya chai, na bunda la karatasi nyembamba za kupitishia ramani.

Pale mbele ya jiwe niliona kitu ambacho sikuwa nimefundishwa chuoni. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu iliyokuwa imezama mwambani kama doa la damu kwenye nguo kuukuu, kulikuwa na wanyama, pofu wenye shingo nene, twiga mmoja, na watu wembamba mno wenye vichwa kama vya uyoga. Juu yao, kwa rangi nyeupe, nene, iliyopakwa kwa kidole, kulikuwa na umbo moja kubwa refu lililolala, lenye mistari miwili iliyopanda kwenda juu, na kulizunguka umbo hilo vidoa vyeupe visivyohesabika. Pembeni yake kulikuwa na alama sita za viganja. Bwana Gharika alivua kofia kila mara alipolifikia. "Merikebu," alisema. "Milingoti miwili. Na hizi, nyota zinaanguka. Na hapa mikono ya familia sita zilizookoka." Alikuwa akisema kwa sauti ya mtu anayetambulisha jamaa zake. Mimi nilipitisha penseli juu ya kila mstari, nikajifunza kwamba ukinakili mkono wa mtu unaanza kumjua, jinsi alivyokaza kidole mwanzo wa mstari na kukilegeza mwisho. Yule wa rangi nyekundu alikuwa fundi. Yule wa rangi nyeupe hakuwa fundi hata kidogo, ila alikuwa na haraka na upendo. Sikujua kwa nini niliwaza neno hilo, upendo. Nililiwaza tu.

Siku ya Jumamosi moja Mwinjilisti Yeremia, aliyekuwa akihudumia mtaa wetu, alialikwa kula. Shangazi alipika kuku, ugali wa ulezi na maharage yenye kitunguu, nasi tukabanana dirishani. Mwinjilisti alisikiliza habari za nyota na nchi iliyozama huku akimaliza paja. Kisha akafuta mikono.

"Bwana, gharika ninaijua. Ilikuwa moja, na safina ilikuwa moja. Watu walikuwa wanane. Wewe una mikono sita."

"Wawili hawakuweka mikono," alisema Bwana Gharika.

"Nuhu hakuwa na milingoti."

"Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Na wewe je?"

Wakatazamana, na Shangazi akanong'ona kwamba watu wazima wawili wanagombania mvua iliyonyesha kabla hawajazaliwa, wakati kuku anapoa. Lakini waliachana kwa furaha kubwa, kila mmoja amemwahidi mwenzake kumleta kwenye nuru, na Mwinjilisti akabeba paja jingine la njiani.

Mwezi wa saba barua ilifika. Si yangu, ila ya Bwana Gharika. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam angepita kwa gari akielekea Mbeya, na alikuwa tayari kulitazama jiwe. Sijapata kumwona mtu aliyefurahi vile. Alinyoa. Alimpa Yusta sweta lake alizibe viwiko. Alinunua karatasi kubwa nyeupe, akaniambia nichore upya picha nzima, safi, kwa wino, na chini yake yeye angeandika maelezo yake yote, merikebu, nyota, familia sita. Na pembeni kabisa, kwa herufi zake nzuri za mpima ramani, angeandika jina langu kama mchoraji. "Itakwenda Ulaya," alisema. "Watu watasoma jina lako." Nilikuwa msichana ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye cheti cha ubatizo na orodha za shule tu. Usiku ule nililala vibaya kwa raha.

Tulirudi jiweni mimi na Yusta peke yetu ili nihakikishe vidoa, maana Bwana alikuwa na mafua. Wakati tunakula viazi, mama mmoja wa kama miaka sitini akatokea kwenye njia ya juu, kibuyu mkononi, na nyuma yake mbuzi wawili. Tukamsalimu, "Kamwene," naye akaitikia, akakaa nasi bila kukaribishwa mara mbili, akatumiminia ulanzi, pombe ya mianzi. Aliitwa Bibi Semgaya, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kilima. Tulikuwa tumepita karibu nayo kwa miezi miwili bila kubisha hodi. Aliitazama karatasi yangu kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha taratibu kilichomfanya aweke kibuyu chini.

"Mzinga wa baba yangu," alisema kwa Kibena. "Umeuchora vizuri kuliko yeye."

Nikamuuliza mzinga gani. Akasogea ukutani, akatuonyesha kwa kidole kama mtu anayesomesha. Ule mwili mrefu ni gogo la mzinga. Ile mistari miwili ni kamba za kuuning'iniza mtini. Vile vidoa ni nyuki. Mwaka wa vita vya Majimaji, askari walipokuwa wakichoma nyumba na ghala, baba yake aliwaficha watoto sita ndani ya pango lile, wake na wa ndugu yake. Walikaa mpaka mvua. Hapakuwa na chakula ila mizizi na panzi, na watoto walilia. Ndipo siku moja baba akakoroga udongo mweupe na kuwachorea mzinga, akawaambia nyuki wameshaingia, wanajaza, subirini kidogo tu. Kila siku aliongeza nyuki wachache. Watoto walikuwa wakiwahesabu badala ya kulia.

"Na mikono hii?" Yusta aliuliza.

"Ni sisi. Alitaka tujue tumo wote." Akanyoosha mkono wake wa kulia karibu na kiganja kidogo cha chini kabisa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kifupi, kimeliwa na moto akiwa mchanga, na kidole cha mwisho cha alama ile ukutani kilikuwa kifupi vilevile. Bwana Gharika alikuwa ameandika kurasa mbili nzima kuhusu kidole hicho. Alisema ni cha mfalme.

Tulirudi Makambako. Karibu na nyumba Yusta akasimama. "Tusimwambie," alisema. "Ana furaha. Ameshanyoa. Huyo mtaalamu atakuja, atatazama, ataondoka, na Bibi Semgaya hasomi vitabu vya Ulaya."

"Jina langu litakuwa chini yake."

"Basi si jina lako hilo ndilo unalolitaka huko?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Kwa siku nne nilichora kwa wino, nikanyamaza. Nilijiambia yeye ni mzee, ni Mzungu, ni mwajiri, na mimi nani. Lakini kila nilipochora nyuki nilimwona mwanamume amesimama na njaa, kidole chake kimejaa udongo, akiongeza mmoja zaidi. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuwa na maneno ya kulisema wakati ule na ninayo sasa. Katika habari yote ya Bwana Gharika, iliyokuwa na nchi nzima na bahari na nyota, hapakuwa na mtu yeyote wa kwetu. Watu walikuja kutoka mbali, wakachora, wakatoweka. Sisi tulikuwa wapishi na wabebaji wa viazi katika hadithi ya jiwe letu wenyewe. Hakuwa na nia mbaya, nina hakika ya hilo. Hakuwahi tu kubisha hodi nyuma ya kilima, na mimi pia sikubisha.

Siku ya tano nilimwambia, wakati wa chai ya asubuhi, nimesimama mlangoni mwa chumba cha tufe. Nilisema yote bila kupumzika, mzinga, kamba, nyuki, kidole. Alikuwa ameshika kipande cha mkate. Alikiweka chini.

"Mama mzee amesahau," alisema. "Watu husahau, wanatunga."

"Hakusahau, Bwana. Nimeuona mkono wake."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili."

"Najua, Bwana."

Akaniambia nitoke, kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Mlango ulifungwa siku mbili. Sahani alizopeleka Shangazi zilirudi zimejaa, na siku ya pili hata supu ya kuku ilirudi, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile. Shangazi hakunigombeza. Alinipa vitunguu nimenye, ili nikilia nisiwe na haja ya kueleza. Nilikuwa nimepoteza kazi, jina langu la Ulaya, na nilidhani nimemuua mzee wa watu.

Asubuhi ya tatu alitokea jikoni, hajanyoa, amevaa viatu vya kutembea. "Mwalimu," alisema, "nipeleke kwa huyo mama."

Bibi Semgaya alimpa kigoda, naye akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Nilitafsiri kutoka Kibena siku nzima mpaka sauti ikanikauka. Mwanzoni aliuliza kama mtu anayetafuta kosa. Walikuwa wangapi? Maji walichota wapi? Udongo mweupe ulitoka wapi? Bibi akamwonyesha shimo lenyewe kando ya kijito, bado jeupe. Baada ya hapo maswali yake yakabadilika. Mlilalaje? Baridi je? Nani alikuwa akilia zaidi? Bibi alicheka akasema ni yeye. Walikunywa ulanzi kwenye kibuyu kimoja. Jioni ikikaribia, Bwana Gharika akauliza majina ya wale sita, akayaandika moja moja, akimwomba ayarudie ili asikosee. Bibi alipofika la tano alisema huyo, Mwakipe, hakutoka pangoni. Alikufa wakati nyuki walikuwa bado hawajawa wengi. Bwana Gharika alivua kofia, kama alivyokuwa akiivua kila mara mbele ya merikebu, akakaa nayo magotini.

"Mimi nilitafuta gharika," aliniambia njiani. "Ilikuwa imempata huyu mama."

Mtaalamu alifika siku tatu baadaye, mtu mnene mchangamfu, ambaye nadhani alikuwa amepanga kucheka kidogo halafu aendelee na safari. Aliletwa jiweni, na Bwana Gharika, mbele yetu sote na Mwinjilisti Yeremia aliyekuja kuhakikisha Nuhu hasahauliki, akasimama akaeleza habari ya mzinga tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuficha kwamba alikuwa amekosea. Alimwita Bibi Semgaya aje mbele, na Bibi akaweka mkono wake pembeni ya ule mdogo. Mtaalamu aliacha kutabasamu kwa mzaha. Alifungua daftari. Aliuliza, nami nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu wa serikali akisubiri mwanamke wa Kibena amalize sentensi yake.

Mwishoni akachuchumaa mbele ya pofu na wale watu wenye vichwa vya uyoga. "Na hizi nyekundu, Mama? Hizi nani alizichora?"

Bibi Semgaya alizitazama kama mtu anavyowatazama majirani wa siku nyingi. "Hizo tulizikuta," alisema. "Baba naye alisema alizikuta."

Mwinjilisti akakohoa, akaanza kusema kwamba ukizitazama vizuri zinakwenda mbilimbili. Bwana Gharika akamjibu kwamba vichwa vile si vya uyoga, ni kofia za mabaharia, na kwamba rangi nyekundu ni jambo tofauti kabisa, tofauti kabisa. Mashavu yake yalikuwa yamepata damu tena. Yusta akaniegemea begani akitetemeka kwa kicheko, na hata Bibi Semgaya, ambaye hakuelewa neno, akaanza kucheka naye.

Barua yangu ilikuja mwezi wa tisa: shule ya wasichana, Njombe, nifundishe darasa la tatu na uchoraji kwa wote. Kabla sijaondoka tulimaliza ile karatasi kubwa, mimi na yeye, kwenye meza ya chumba cha tufe, moto wa kuni za miwati ukituchoma upande mmoja na baridi upande wa pili. Alinipa kalamu yake. Aliniambia niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia. Chini ya mzinga niliandika jina la baba yake Bibi Semgaya, na kando ya kila kiganja jina la mtoto wake, nikaanza na Mwakipe. Kisha nikashuka kwenye michoro myekundu, nikainua kalamu, nikamtazama. Aliwatazama pofu wake kwa muda mrefu, na nikaona nchi nzima ikipita machoni pake na merikebu zake zote.

"Hapo acha nafasi, Mwalimu," alisema. "Acha nafasi kubwa."